Picha ya Gari Peke Yake

Upande ule wa Machakos, ukimuulizia Justus Wathome, utaambiwa habari za gari lake kabla hujaambiwa anakaa wapi. Si ile pikapu ya Peugeot, hapana. Pikapu ilibeba mbuzi wa Khadar, yule mfanyabiashara wa mifugo, kila Jumanne na Ijumaa, na Justus aliupiga mlango wake teke ndipo ufungike. Ninasema Morris Minor. Aliinunua kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, haina injini, haina viti, kuku wanataga ndani. Akakaa nayo miaka saba akiifufua, leo taa, mwezi ujao bawaba ya mlango, mpaka ikasimama mbele ya nyumba na rangi yake ya maziwa na vyuma vinavyometa. Nisikudanganye, lilikuwa gari zuri. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama njiani kulitazama, na mimi si mtu wa magari.

Shida ni kwamba alilipenda kupita kiasi, akaliwekea sheria. Halitoki siku ya mvua. Halikanyagi barabara ya vumbi. Hakuna kula ndani, hakuna kupakia mtu mwenye viatu vya shamba. Jumapili mchana alilitoa bandani akaliendesha kwenye lami hadi njia ya Katelembo na kurudi, peke yake, dirisha wazi, kisha akalifuta kwa kitambaa cha flana kabla hajaonja chakula. Mkewe alikuwa akimfunikia sahani na kungoja.

Mkewe aliitwa Mwikali. Alikuwa mwalimu wa nasari, mtu wa maneno machache, na kicheko chake kilikuja ghafla hata kikamshtua mwenyewe. Kwao ni Kathiani, huko vilimani, na jambo alilolitaka kwa gari lile lilikuwa moja tu: afike kwa mama yake siku moja akiwa ameketi ndani. Hakupiga kelele juu yake. Alisema tu akipanga vikombe, "Baba Mutheu, siku moja utanipeleka na hii yako nyeupe, mama aone." Mutheu ni binti yao wa pekee, ameolewa mbali. Justus naye alijibu, "Tutaenda," jinsi watu wanavyojibu wakiwa wanafikiria jambo lingine.

Desemba ya mwaka tisini na nne ilifika siku ambayo Mwikali aliamini kwamba ndiyo. Kulikuwa na sherehe ya kanisa kwa kina mama yake, na asubuhi hiyo Justus alilitoa gari nje akalipangusa. Mwikali akavaa gauni la buluu, akafunga kilemba, akaenda akashika kitasa cha mlango wa abiria, anacheka. Kumbe Justus alikuwa amemwita mpiga picha wa mjini aje alipige gari picha, maana alikuwa amelipaka rangi upya na ndiyo kwanza imekauka vizuri. Mpiga picha akasimama mbele ya gari, akapiga. Halafu Justus akaitazama barabara, akasema vumbi la Kathiani litaimaliza rangi, wapande pikapu. Mwikali akaachia kitasa. Alipanda pikapu na gauni lake la buluu, akakaa pale panaponuka mbuzi mpaka wakafika.

Picha zilisafishwa mbili. Moja Justus aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni. Nyingine Mwikali alimpelekea mama yake. Miaka mitano baadaye Mwikali alianguka darasani asubuhi, presha, na jua halijatua walikuwa wamempoteza. Picha nyingine pekee ya Mwikali iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho, na unajua zile zilivyo, mtu ametoa macho kana kwamba ameulizwa swali gumu. Ndiyo waliyoikuza kwa ajili ya mazishi.

Sasa bima. Gari lilikuwa na bima ile ndogo ya lazima tu, ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga. Mwaka wa elfu mbili na moja banda la jirani liliungua na trekta ndani, na Justus hakupata usingizi tena. Akafunga safari hadi kwa Ann, wakala wa bima, ofisi yake ikiwa ghorofani juu ya duka la vyuma. Ann ni binti wa mjini, mchangamfu, simu haimtoki mkononi.

"Mzee Wathome, wacha nikuambie ukweli," alisema. "Hii gari ni ya zamani sana. Nikiiandikia bima kamili ya kawaida, siku ikiungua utalipwa bei ya chuma chakavu."

"Chuma chakavu?" Justus aliuliza.

"Lakini iko njia. Kampuni yetu iko na bima ya gari la pili, la mtu kujipendezea. Lazima uwe na lingine la kazi, na wewe uko na pikapu. Hili lilale ndani, mlango ufungwe na kufuli, liendeshwe kidogo, lisibebe mizigo wala watu wa kulipa. Tunakubaliana thamani yake sasa hivi, kabla ya ubaya wowote. Jambo likitokea, ndiyo hiyo unalipwa."

Justus alifurahi mpaka akasahau kukaa. Wakajaza fomu pamoja, Ann akisoma na yeye akijibu. Linalala wapi? Bandani. Linaendeshwa mara ngapi? Jumapili. Nani hupanda kwa kawaida?

"Hakuna," alisema Justus.

"Hata watu wa nyumbani?"

"Hakuna mtu amewahi kupanda," alisema, na alilisema kwa majivuno, Mungu amsamehe.

Mthamini alikuja, akazunguka gari mara mbili, akaandika kwamba lipo sawasawa. Ilibaki picha tu. Fomu ilisema wazi: picha ionyeshe gari peke yake, bila watu. Justus alisoma mwenyewe, na miwani yake. Angeweza kumwita mpiga picha mwingine, lakini aliona hakuna picha itakayoishinda ile ya sebuleni, ile ya siku ya rangi mpya. Akaifungua fremu, akaitia picha kwenye bahasha, akampelekea Ann, aliyekuwa na simu sikioni.

"Ni gari peke yake?" Ann aliuliza akiwa ameziba simu kwa kiganja.

"Gari peke yake," alisema Justus.

Msidhani alidanganya. Hapo ndipo panaponiuma mimi. Alikuwa ameitazama picha hiyo kila siku kwa miaka sita na zaidi, na hakuna alichokiona isipokuwa gari.

Baada ya wiki mbili aliitwa achukue cheti na stika ya kubandika kwenye kioo. Alivaa koti, akaliendesha lile gari lenyewe kwenye lami hadi mjini. Ann akampa karatasi zake, akampa na picha. "Hii tunamrudishia mwenyewe, sisi tumebaki na kopi kwa faili. Ila siku ingine, mzee, ukiambiwa bila watu ulete bila watu. Ilibidi nimkate yule mama."

"Mama gani?" Justus aliuliza.

Ann alimtazama, akadhani anamfanyia mzaha. "Si huyo aliyesimama mlangoni? Mwenye gauni la buluu."

Justus aliishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaitazama picha. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa makasi, umenyooka vizuri, kazi safi. Gari lote lipo. Na kwenye kitasa cha mlango, kwa sababu hapo makasi hayangeweza kupita bila kulikata gari, palikuwa na vidole vinne na pete.

Alikaa. Hakuambiwa akae. "Kile kipande kingine kiko wapi?" aliuliza.

"Nilitupa, mzee. Takataka huchomwa kila Ijumaa." Ann alikuwa ameanza kuelewa, na simu aliiweka chini. "Alikuwa nani?"

"Mke wangu," alisema Justus. "Nilisahau kwamba yumo."

Akalia pale ofisini, mzee mzima mwenye koti, na wateja wawili wakatoka nje wakimwachia nafasi. Ann alimshika bega.

Kilichomwinua ni kukumbuka ile picha ya pili. Kama mama mkwe wake bado anayo, basi kicheko cha Mwikali bado kipo duniani, na angeomba, angepiga magoti, angeitengenezea nakala. Alibandika stika kwenye kioo papo hapo barabarani. Hakwenda nyumbani kuchukua pikapu. Aliielekeza Morris njia ya Kathiani, lami ikaisha, akaingia kwenye vumbi. Vumbi liliingia kwa madirisha, likatulia kwenye viti ambavyo hakuna abiria aliyewahi kuvikalia, na yeye hakupandisha kioo hata kimoja.

Syokau, mama yake Mwikali, alikuwa mbele ya nyumba akichambua maharagwe. Justus hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Ukwe una heshima zake, mkwe hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, na Justus alikuwa amejificha nyuma ya heshima hiyo miaka miwili. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, mbali kidogo, akitazama pembeni.

"Mwaitu," alisema, yaani mama yetu, "nimekuja kuomba kuona ile picha ya Mwikali. Ya gauni la buluu."

Syokau hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua mapajani. Justus akasahau heshima, akasogea. Alikuwa yeye. Kilemba, gauni, mdomo umefunguka kwa kile kicheko cha ghafla. Lakini kulikuwa na Mwikali tu. Amekatwa pembeni kote, kwa makasi ya mtu asiyeona vizuri, na mkono wa kulia unaishia kwenye kifundo.

"Gari nilikata," alisema Syokau. "Aliponiletea nilimuuliza, mbona siku ya sherehe mlikuja na pikapu na hapa umeshika gari zuri? Akaniambia, mama, hilo si la kupanda, ni la kushika tu. Akacheka. Alipoondoka nikachukua makasi. Sikutaka kuliona kwa nyumba yangu."

Justus alitoa picha yake mfukoni, akaiweka kwenye leso kando ya ile nyingine. Syokau aliinama. Akasogeza kipande chake polepole kwa kidole mpaka mkono ukakutana na vidole vyake. Walikaa hivyo, wote wawili wakitazama, na Justus alilia bila kujificha.

"Nikuombe hii, mwaitu. Siku mbili tu. Nitaipeleka mjini itolewe nakala, nikurudishie."

Syokau alikiondoa kipande chake. Alikikunja ndani ya leso, pindo juu ya pindo, akakifunga fundo.

"Wewe ulikuwa na yeye miaka ishirini na sita," alisema. "Mimi niko na hii."

Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyomvunja zaidi. Aliichukua picha yake yenye vidole vinne na pete, akairudisha mfukoni, akasimama kuaga. Syokau alichukua fimbo yake akamsindikiza hadi barabarani, hatua chache nyuma, kama desturi ilivyotaka. Pale alisimama akalitazama gari. Rangi ya maziwa haikuonekana tena, lilikuwa jekundu kwa vumbi tangu magurudumu hadi paa. Akapitisha kidole kwenye mlango wa abiria, chini ya kitasa, akakiangalia.

"Kumbe linafika," alisema.