Gari Langu Lilipohamia kwa Jirani

Bibi yangu ananiita mume wangu, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. Gari langu la kwanza akalipa cheo pia: mke mwenzangu. "Mke mwenzangu ameamka salama leo?" alikuwa ananiuliza Jumapili asubuhi, kitenge kimekaa sawasawa, huku anajishusha kwenye kiti cha mbele. Lilikuwa gari dogo jeupe, la chini. Magoti yake yanamsumbua, kwa hiyo alikuwa anakaa kwanza, halafu anaingiza mguu mmoja, anaushika wa pili kwa mikono na kuufuatisha. Kumpeleka kanisani ilikuwa kazi yangu. Ana wajukuu wengi, wengine wamesoma kunizidi mbali, lakini aliyekuwa anapita naye mbele ya watu akiwa amekaa pembeni yake ni mimi, fundi wa kufunga madishi.

Gari lile lilikufa likiwa limesimama. Nilikuwa juu ya paa la mteja kule Buhongwa, lori la mchanga likarudi nyuma, likaukunja upande mzima wa gari langu. Niliona kila kitu kutoka juu. Ndani hakukuwa na mtu, namshukuru Mungu, ila niliteremka ngazi machozi yananitoka. Mjomba alikuwa amenikazania nikate bima kubwa nami nikamwona mwoga. Siku hiyo nilimpigia simu kumshukuru. Mkaguzi wa bima akaja, akalizunguka, akachungulia chini, akasema halifai kutengenezwa, gharama itaipita thamani yake.

"Tutakulipa, kijana. Mabaki yanabaki kwetu."

Nikasema sawa. Nilidhani mabaki yanakwenda kuyeyushwa yawe nondo.

Kumbe yanauzwa. Mafundi wa Igoma waliyanunua mnadani, wakayanyoosha, wakatafuta milango mingine, wakapiga rangi ya bluu. Na katika Mwanza nzima, aliyekuja kulinunua ni kinyozi wa hapa kwetu Mkolani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Namba ni ileile. Nilisimama barabarani nikaisoma, nikairudia, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kaka, gari lako tamu!" kinyozi akaniambia, bila ubaya wowote. "Nilishaambiwa lilikuwa lako. Ulilitunza."

"Hongera, kaka," nikamjibu, nikacheka. Nikaingia ndani na ugali ukanishinda.

Ulikuwa wivu, sina jina lingine. Kwangu lilikuwa linakohoa mara kadhaa kabla ya kuwaka. Kwake linaitika mara moja. Asubuhi nasikia mlio wake nikiwa kitandani na nageukia ukutani. Alilivalisha viti vipya. Akaliwekea muziki. Jioni analiosha nje, analipapasa na kitambaa taratibu, nami napita nikijifanya nimetumwa dukani. Ningeliona kwa mtu wa mbali, huko Magu au Sengerema, ningelitakia heri. Lakini nyumba ya tatu!

Basi pesa ya bima ilipoingia, sikununua gari nililohitaji. Nilinunua gari la kumwonyesha kinyozi. Refu, jeusi, matairi mapana, lina ngazi ya kukanyagia pembeni. Ukikaa ndani unayaona mapaa ya watu, na tukipanda kilima unaliona ziwa lote mpaka visiwani. Usiku wa kwanza nililota naendesha kwenda harusini, na harusi yenyewe ni yangu.

Jumapili ikafika. Bibi akatoka, akasimama mbele ya mlango, akainua uso kama anayetazama mnazi.

"Mume wangu, hapa napitia wapi?"

"Kanyaga hapa, bibi. Shika hapa juu."

Akakanyaga, goti likakataa. Nikamsukuma kwa nyuma kwa adabu zote, akarudi chini. Nikajaribu kumnyanyua. Wanawake waliokuwa wanateka maji wakaanza kucheka, na bibi, ambaye hajawahi kushindwa mbele ya watazamaji, akawageukia.

"Mnacheka nini? Mume wangu ananipakia kwenye lori la ng'ombe, ananipeleka mnadani!"

Nilicheka pamoja nao. Ndipo gari la bluu likateremka polepole, likasimama. Kinyozi akatoka na shati lake jeupe.

"Shikamoo bibi. Mimi pia naenda huko huko. Karibu."

"Marahaba." Bibi akatazama gari, akaniangalia mimi. Akakaa, akaingiza mguu mmoja, akaufuatisha wa pili. Hakuna aliyemfundisha. "Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, mume wangu."

Mume wangu! Nilisimama pale na funguo mkononi. Ibada nzima sikusikia mahubiri, nilikuwa natazama kisogo cha kinyozi, jinsi alivyojichonga vizuri. Na Jumapili iliyofuata alikuja tena bila kuitwa. Na iliyofuata.

Jumamosi moja nikamwambia bibi, "Vaa, tunakwenda kutafuta gari." Sikumkawiza asije akauliza mengi. Nikakodi teksi ya chini mpaka kwenye yadi ya magari, nikamwomba muuzaji asinieleze injini. "Mteja ni huyu," nikasema. Bibi akazunguka yadi na fimbo yake akikalia gari moja moja. Moja lilikuwa linambana magoti. Lingine, akasema, kiti kinamlaza kama mgonjwa. Muuzaji alichoka kufungua milango. Mwishowe bibi akaingia kwenye kigari cha rangi ya udongo, kisichovutia hata kidogo, kina mkwaruzo ubavuni. Akakaa. Akaingiza miguu yote miwili bila kuishika. Akatulia, mikono mapajani.

"Huyu," akasema.

Jioni hiyo nikalipeleka lile refu jeusi yadini, likabaki badala yake. Niliangalia nyuma mara moja tu, labda mbili.

Jumapili kinyozi alikuja saa yake ya kawaida, akafungua kabisa mlango wa mbele, akasimama ameushikilia. Bibi alikuwa tayari ndani ya gari langu, mkanda umefungwa.

"Leo nimepata usafiri, mjukuu wangu," akamwambia kwa dirisha. "Mungu akubariki."

"Haya bibi," akasema. Akaufunga mlango wake taratibu, akakitazama kigari changu toka taa hadi taa. Ile sura naijua. Nilimwonea huruma, kweli, maana ni mtu mwema. Ila nilipiga honi, na barabara ilikuwa tupu.