Nyuzi Alizofunga Mwisho

Marehemu mume wangu alitoka Ufini, na kazi yake ilikuwa kucheza badminton. Siku niliyomtambulisha kwa akina mama wa ushirika wetu hapa Maryland, Marekani, mmoja aliuliza mbele yake, "Hiyo kitu ya watoto? Na analipwa?" Mume wangu, sahani ya githeri mkononi, akacheka. Kiswahili alikijua vya kutosha kuelewa kejeli.

Alilipwa mara chache. Ujana wake wote aliichezea nchi yake, akilala sakafuni kwa wenzake, na mara nyingi akitolewa raundi ya kwanza. Kilichomlisha ni kufunga nyuzi za raketi: wale wale waliomshinda mchana walimletea raketi zao jioni azifunge upya. Yeye hakuona aibu. Mimi ndiye niliyeona uchungu kwa niaba yake, na bado ninao. Goti lilipomkatalia kabisa akanifuata huku, mimi nikiwa nesi, akawa kocha wa watoto katika ukumbi mmoja pale Greenbelt. Mwanafunzi wake mkali kuliko wote alikuwa binti yetu.

Kuhusu nyuzi alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka tukawa tunamwigiza mezani: uzi mmoja ukikatika, kata zote papo hapo. Ukiacha zilizobaki ziendelee kuvuta, fremu itapinda, na hapo huna raketi tena. Mkasi haukukosekana ndani ya begi lake, kama Biblia kwenye mkoba wa mama yangu.

Saratani ilipomshika alinyamaza, kama ilivyo desturi ya kwao. Watu wetu waliokuja kumwona walidhani amewakasirikia, wakawa wanasali haraka haraka na kuondoka. Wiki ya mwisho aliyoweza kuketi, aliomba mashine yake ya nyuzi iletwe kando ya kitanda, akamfungia binti yetu raketi. Uzi ulimponyoka mara mbili. Nilitaka kumsaidia, akanitazama tu, nikarudisha mikono yangu.

Tukamzika. Baada ya matanga binti yetu aliitundika ile raketi ukutani, na hakucheza tena. Miezi ikapita. Kocha mpya akawa ananipigia simu hadi nikachoka kutunga sababu.

"Mbona huendi practice?" nikamuuliza Jumamosi moja asubuhi.

"They'll break, Mum."

"Nini hizo?"

"The strings. Dad's strings. If I play, they'll break."

Nilitamani kumwambia aiache hapo ukutani milele, maana hata mimi kila nikitoka kazini nilipita na kuzigusa zile nyuzi kwa kidole. Ila nilimjua mume wangu.

"Baba yako hakukufungia nyuzi za kutazama," nikasema. "Itoe raketi ukutani, shika begi lake, twende."

Ukumbini alianza vibaya, akichapa hewa. Kisha akachangamka, na muda si muda akawa anaruka vile vile babake alivyoruka kabla ya goti. Nilikaa kwenye benchi nikiuombea uzi. Naam, mimi mtu mzima, nikimsumbua Mungu kwa ajili ya uzi. Halafu nikausikia mlio, mkali na mfupi. Wote ukumbini walijua ni nini.

Binti yangu alinijia ameikumbatia raketi. Akatoa mkasi kwenye begi la babake, akausogeza kwenye nyuzi, mkono ukagoma. Huyu mtoto tangu azaliwe namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Akaninyooshea mkasi.

"Kata, Mama," akasema. "Itapinda."

Nikakata. Nilianzia katikati, kama mume wangu alivyotufundisha, vipande vikiniangukia mapajani, nikilia kwa sauti mbele ya watoto wa watu, mpaka nikafika kwenye fundo la mwisho alilolifunga, nalo nikalikata.