Maji ya Bomba la Pili

Mimi ndiye niliyeendesha mtambo wa kuchuja maji ya kisima kijijini kwetu, kule Mvumi. Pampu iliyasukuma kwenye utando mwembamba. Bomba la kwanza likatoa maji salama ya kunywa, la pili likamwaga shimoni yale yaliyobeba floraidi, madini yaliyotuharibu meno sote tangu utotoni.

Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, alikinga maji ya bomba la pili kila siku. Eti kumwaga maji wakati wa kiangazi ni dhambi. Nilimweleza mpaka mate yakanikauka. Siku moja nikamkuta akimnywesha mjukuu wake maji hayo hayo.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikaipiga ndoo yake teke, ikapasuka. Naye akanitandika mdomoni kwa mpini wa jembe. Nikaanguka, nikatema damu na jino.

Yule mtoto aliliokota. Lilikuwa la kahawia, limemomonyoka. Akamtazama bibi yake, aliyekuwa bado ameachama akinitukana.

"Bibi," akauliza, "hili ni lako?"