Mtu wa Mwisho Kwenye Njia ya Mikangazi

Awiti anauza mabeseni na ndoo kwa jumla kule soko la Kikuubo, Kampala, na kwa kuita wateja hana mpinzani. Lakini jioni akishafunga duka na kurudi chumbani kwake Nateete, hupambazuka bila mtu kumwambia hata pole. Binamu yake aliyemleta kutoka Siaya alisharudi Kenya zamani. Majirani wanamsalimia vizuri tu, ila Luganda yake ni ya kubembeleza wateja, na akianza Kiswahili wazee wananyamaza, maana wao bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi na bunduki. Mkono wa kupika anao, walaji hawapo. Penye miti hapana wajenzi, ndiyo hayo.

Basi kanisa lilipotangaza safari ya hifadhi ya Kibale, kutembea msituni na kuona miti ya kale, Awiti akawa wa kwanza kujiandikisha. Tusidanganyane, miti haikumshughulisha. Alitaka mtu wa kuongea naye.

Kumbe kila mtu alikuja na mwenzake! Akina mama wa kwaya walishikana mikono tangu getini. Awiti akajipachika hapa, akajipachika pale, njia ikawa nyembamba, na kabla hajajua akajikuta nyuma kabisa. Nyuma yake alibaki askari wa hifadhi mwenye bunduki, mwanamume mrefu wa Gulu aitwaye Ojara.

"Polepole, mama," Ojara akamwambia kwa Kiswahili. "Mizizi ya hapa inaangusha watu."

Kiswahili! Kilikuwa kikavu, cha kambini, lakini Awiti nusura alie kwa furaha.

"Asante, afande."

Ojara akamwonyesha mkangazi mmoja, mkubwa ajabu. Mizizi yake ilisimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba, mtu mzima angeweza kulala kati yake asionekane. Shina lilipanda likapita miti mingine yote.

"Huu ulikuwapo kabla ya babu wa babu yangu," alisema.

"Na umesimama peke yake miaka yote hiyo?"

"Mti una shida gani na upweke, mama?"

Awiti akacheka, ingawa swali lilimchoma.

Wakaendelea. Awiti akamuuliza kwao Acholi maji wanayaitaje. "Pii," akajibu Ojara. "Hata sisi Wajaluo ni pi!" Wakacheka kama watu waliokutana msibani wakagundua ni ndugu. Tangu hapo Awiti akaanza ujanja. Akafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Akashika shina la kila mti mkubwa, akainua uso kutazama matawi mpaka shingo ikauma. Kila aliposimama, Ojara naye alisimama, wala hakukunja uso. Ananingoja mimi, Awiti akawaza. Ee, moyo wa mpweke hauhitaji kuni nyingi kuchemka! Msitu ulipoanza kupungua, mwenzetu alishamkaribisha chumbani, akamkalisha kwenye kiti kizuri na kumpakulia samaki wa nazi, yote hayo kichwani.

Walipotokea barabarani, basi likionekana, akajikaza.

"Afande, umeningoja njia nzima, na wenzangu hata mmoja hakugeuka. Ukija Kampala, nitakupikia."

Ojara alitabasamu kwa adabu. "Asante sana, mama. Lakini kungoja ndiyo kazi yangu. Humu wanapita tembo. Askari wa nyuma haendi mpaka mtu wa mwisho aende. Leo umekuwa wewe. Jana alikuwa mzee mmoja, magoti yanamsumbua."

Akampigia saluti ndogo, akaenda kupokea kundi lingine.

Aibu ilimshika Awiti mpaka masikio yakawaka. Ndani ya basi wenzake waliimba, yeye akageukia dirisha akalia kimyakimya. Iliuma kwa sababu mtu yule hakumdanganya hata kidogo. Alimngoja kweli, na hakumngoja yeye.

Walipokaribia mjini, Rosalba, kiongozi wa akina mama, akapita kati ya viti. "Dada Awiti, mwezi wa nane tunarudi kulekule. Nikuandike, au miti imekuchosha?"

Awiti akafuta uso kwa ncha ya leso.

"Niandike," akasema. "Ila tukifika msituni, nyinyi msiningoje."