Choo Cheusi cha Bi Mwanasha

Nilikuwa dresa, mfunga vidonda tu, katika zahanati ndogo karibu na Gazi, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko zahanati yenyewe. Bi Mwanasha aliponiambia kwamba anapata choo cheusi kama lami, sikumuuliza lolote.

"Utumbo mwembamba unavuja damu!" nilitangaza mbele ya wanawe. Wakaangua kilio. Nikamkataza kula, nikamlaza kwenye machela, tukampeleka hospitali ya Msambweni kwa lori la nazi, mumewe akimsomea Yasini njia nzima.

Daktari alimpima, kisha akamuuliza, "Mama, kuna dawa unayotumia?"

"Ni vile vidonge vya chuma tu, vya kuongeza damu. Tangu nivianze, choo ni cheusi."

"Nani alikupa?"

Bi Mwanasha akaninyooshea kidole. "Si huyu huyu mwanangu! Na leo kaninyima hata uji."