Viatu Mlangoni

Kama umewahi kuhitaji picha ya pasipoti kule Kisenyi, mjini Kampala, nyuma ya magereji, basi Nabila binti Abdul-Latif ameshakwambia ukae wima na uache kucheka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Aliyoipenda ilikuwa nyingine, kuwapiga picha watu wasiokaa wima: mafundi chini ya malori, akina mama wakivutana kwa bei ya mchele, bibi harusi analia huku anachekeshwa.

Picha hizo alianza kuzionyesha kwenye gulio dogo la sanaa karibu na chuo kikuu cha Kyambogo. Alifunga kamba kati ya miti miwili, akazibana kwa vibanio vya nguo, akasubiri wateja. Mara ya kwanza mvua ikamkuta, picha zote zikajikunja. Lo! Mwingine angeapa asirudi. Yeye alirudi na turubai. Wanafunzi wakaanza kununua, walimu wao wakafuata, na baadaye akaalikwa kwenye gulio la Nakawa, akapewa meza na kivuli. Haba na haba, jamani.

Sasa, ilikuwepo picha moja ambayo haikuwahi kupanda kwenye ile kamba. Ilipigwa siku Wanubi wa mtaani walipokuwa wanamfukiza bibi harusi kwa udi, shughuli ya wanawake peke yao, mlango umefungwa. Hajati Aminah, shangazi aliyemlea Nabila tangu mama yake alipofariki, mwanamke anayemkemea hata mwenye gereji, alikuwa ameutupa mtandio. Alikuwa anacheza doluka, ngoma ya Wanubi, mvi zimelowa jasho, kinywa wazi kwa kicheko.

"Piga," alimwambia Nabila, "lakini macho ya mwanamume yasinione hivi."

"Wallahi, shangazi."

Moshi ukaitia kamera ukungu. Nabila akatoka nje kuipangusa, na ili ajue kama imetakata akapiga chochote kilichokuwa mbele yake, yaani viatu vya akina mama vilivyorundikana mlangoni. Kisha akarudi ndani.

Siku moja pale Nakawa akaja Amony, mwanamke anayeandaa maonyesho makubwa ya picha mjini. Akapekua mpaka sanduku lililokuwa chini ya meza. Nabila hakumzuia, ni mwanamke mwenzake, kuna ubaya gani? Amony akaitoa ile ya Hajati akicheza.

"Hii naitaka ijaze ukuta mzima. Mtu akiingia tu, akutane nayo."

"Sawa" ikamtoka Nabila kabla akili haijafika. Nani angekataa? Semeni ukweli. Miaka yote ile ya vibanio vya nguo!

Akili ilifika jioni, alipomkuta shangazi yake jikoni anakunja sambusa.

"Nasikia unakwenda kwenye ukumbi mkubwa," Hajati akasema. "Mimi nakuja na nguo yangu ya Idi. Utatundika nini?"

"Picha za Kisenyi, shangazi."

Alitamani kumwomba ruhusa, akashindwa. Alimjua yule mama. Kwa jinsi anavyompenda angekubali, kisha angekaa nyumbani na aibu yake asimwambie mtu. Usiku huo usingizi ulimhama Nabila kabisa.

Asubuhi akamwendea Amony. "Ile picha siitoi. Nilimwahidi mwenyewe kwamba mwanamume hatamwona kichwa wazi."

"Basi tumfunike nywele kwa kompyuta."

"Nikimfunika hatakuwa yeye."

Amony akashusha pumzi. "Nabila, ukuta wa mbele nitampa mtu mwingine. Wewe una nini kingine?"

Alichokuwa nacho ni vile viatu vya mlangoni. Wakavitundika mwisho wa ukumbi, kwenye ujia wa kwenda vyooni. Iliuma. Nabila alisimama mbele ya ule ukuta mkubwa, sasa una twiga wa mtu mwingine, akajiona mjinga wa kwanza Kampala nzima.

Siku ya ufunguzi Hajati akaingia na mashoga zake, wote wamejitanda vizuri, udi unawatangulia. Twiga hawakumsimamisha. Akapita, akapita, mpaka kule vyooni, akainama mbele ya viatu. Vya katikati, vile ambavyo kamba yake ilifungwa kwa waya wa gereji, alivijua mara moja.

"Na ile nyingine?" akauliza taratibu. "Niliyovua mtandio?"

"Iko nyumbani, ndani ya sanduku."

"Hawakuitaka?"

"Waliitaka, shangazi. Kwa ukuta ule wa mbele."

Hajati akageuka, akawatazama wale twiga kwa muda. Akakishika kiganja cha Nabila, akakibana mpaka kikauma. Kisha akasimama ubavuni mwa picha, mgongo wima, na mwanamume wa kwanza aliyepita kwenda chooni akamzuia kwa mkono.

"Baba, ngoja kwanza. Picha hii kaipiga binti yangu. Na hivi vya waya ni vyangu mimi. Nyuma ya mlango huu nilikuwa nacheza!"

Yule bwana akatabasamu. "Ulikuwa unacheza vipi, Hajati?"

"Hayo hayakuhusu," akamjibu, akamzuia aliyefuata.