Mikaratusi Isiyokuwa Kwenye Ramani

Ramani ya rubani naiamini kuliko watu wengi ninaowafahamu. Haina porojo. Mnara wa simu una alama yake, pembeni kimeandikwa kimo chake kwa futi, na kama una taa, kileleni umechorewa miale. Kila mraba una namba kubwa: ruka juu ya kimo hiki na hutagonga kilima wala mnara. Mimi si rubani wa kazi. Nina leseni binafsi na theluthi ya ndege ndogo. Theluthi mbili ni za wenzangu wa Mwanza, ambako nimeajiriwa. Baadhi ya Ijumaa, nikienda kwa familia yangu Kitendaguro, Bukoba, hutua kwanza Muleba kumsalimia baba. Pale kuna kiwanja cha nyasi kinachopakana na kibanja chake cha migomba.

Lakini ramani haiandiki mti mmoja mmoja, na miti hukua. Mwishoni mwa kiwanja baba alipanda safu ya mikaratusi, na mkaratusi wa huku kwetu haumsubiri mtu. Mwanzoni ilinifika kiunoni. Mara nne nilimwomba aikate, na mara zote nne alinijibu, "Nitaikata, mwana wange," kisha akaniuliza habari za wajukuu. Nilidhani anangoja ipevuke apate nguzo. Sikusumbuka sana, maana kwa kawaida nilitua kutokea upande wa pili.

Ijumaa moja mchana upepo ulikuwa umegeuka, ikabidi nitokee upande wa miti. Ningeweza kuendelea hadi Bukoba, kwenye kiwanja kikubwa, dakika chache tu mbele. Sikuendelea. Ulikuwa ubishi tu, sina neno jingine. Nilikisia kimo cha ile miti kwa kumbukumbu ya zamani, na nikakosea. Nikasikia majani yakikwaruza tumbo la ndege. Nilipogusa nyasi na kusimama, nilishuka nikachungulia chini ya ndege. Tawi lilikuwa limenasa kwenye gurudumu.

Hasira hasara, wanasema, ila siku hiyo sikumkumbuka anayesema. Nilimkuta baba akipogoa migomba. Sikumsalimia. Kwetu mtoto hafanyi hivyo, hata awe na mvi kama mimi. Nilitupa tawi miguuni pake.

"Tata, hii miti yako nusura iniue!"

Aliliokota, akaligeuza, akaona alama nyeusi ya mpira wa gurudumu. Kisha akaketi chini, palepale kwenye majani makavu.

"Niliiacha makusudi," akasema. "Nilijua hukanyiki. Nikawaza, ikirefuka utakosa pa kutua, utakuja na basi kama wenzako."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali. Badala yake nikaketi kando yake.

Jioni hiyo hiyo aliazima msumeno wa mashine kwa jirani, tukaiangusha miti yote. Tulipomaliza aliniomba nilete ramani, akaitandaza mezani na kuvaa miwani.

"Nionyeshe penye hatari."

Nikamwonyesha minara na vilima, naye akavifuata kwa kidole.

"Na zile ambazo hawakuandika?"

Miaka yote nilikuwa nimemwambia kwamba kuruka ni kama kupanda basi, ila hakuna mashimo. Siku hiyo niliona aibu kuirudia kauli hiyo. Nikamwambia habari za ndege wakubwa wa ufukweni. Nikamwambia habari za nzi wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi na kuchafua kioo usione mbele, na za ukungu wa asubuhi. Nikamwambia injini ni moja. Mwishowe nikamwambia kwamba ningeweza kuendelea hadi Bukoba, na sikutaka.

Baba akavua miwani, akaikunja taratibu.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi."